Damu ya Upande wa Mama

Yule mzee wa Takoma Park, huku Marekani, alinikataa mbele ya wageni wake, sahani ya pilau ikiwa bado mapajani mwangu. Nilikuwa nimekwenda kujitambulisha kama mchumba wa binti yake. Akauliza ukoo wangu, kama inavyoulizwa kwetu, nikamjibu kwamba baba sikumjua. Nimelelewa na mama, na jina ninalotumia ni la babu mzaa mama.

"Kijana, mtoto ni damu ya baba," alisema. "Mama ni mfuko tu. Ukishatoa mzigo, mfuko hauulizwi."

Wageni walicheka. Binti alibaki jikoni, na tangu siku hiyo hakupokea simu zangu. Kumkosa binti niliweza kuvumilia. Lile neno mfuko lilinikaa kooni. Nilitaka mzee alimeze yeye mwenyewe, mbele ya watu wale wale.

Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja: farasi wa mashindano. Kwa kuwa ni mtu wa kanisa hakuweka dau. Kila Jumamosi alikwenda uwanjani na wenzake wale wale kutabiri tu, na kujisifu. Wengine walitazama farasi alivyokimbia juzi. Yeye alisoma nasaba: baba akiwa bingwa wa mbio za njia ya nyasi, mwana atapaa kwenye nyasi, baba akiwa wa njia ya udongo, mwana abaki kwenye udongo. Mimi nilikuwa nasomea takwimu chuo kikuu cha College Park na sikuamini kitu mpaka nikipime, kwa hiyo niliacha kazi za darasani nikakaa maktaba kufukua majarida ya mbio. Nasaba ilisaidia, kiasi. Ila mzee alikuwa akisoma nusu ya ukurasa. Aliwasoma farasi kama anavyowasoma wachumba: baba, babu mzaa baba, basi.

Jumamosi moja nikaomba lifti ya kwenda uwanjani kwa dereva wa ubalozi, Mtanzania, mmoja wa wale waliocheka.

"Mkwe uliyemkataa huyu," dereva akamwambia mzee tulipofika. "Kaja kukuona ukiumbuka."

Zilikuwa mbio za nyasi, za farasi ambao hawajawahi kushindana kwenye nyasi. Mzee alichagua mweusi, mwana wa bingwa wa nyasi.

"Na wewe, msomi?"

Nikamwonyesha jike wa kahawia.

"Huyo? Baba yake ni wa udongo mtupu. Atateleza kama ng'ombe kwenye saruji."

"Mama yake alishinda kwenye nyasi, mzee. Na ndugu zake wa tumbo moja, kila mmoja na baba yake, wote walifanya vizuri kwenye nyasi."

"Mama," akasema, akiwakonyeza wenzake.

Yule wa kahawia aliwaacha wote kwenye kona ya mwisho. Mweusi alifika akihema, nyuma kabisa. Nilijua kwamba mbio za mara moja hazithibitishi kitu. Mhadhiri wangu angenifelisha. Sikumwambia mzee hilo.

"Mzee, mfuko umekimbia," dereva akasema, na wale wale wakacheka. "Haya, damu ile ni ya nani?"

"Ya mama," mzee akanong'ona.

"Upepo, baba. Sijasikia," nikasema.

"Ya mama yake."

Kwenye maegesho alinishika kiwiko. Nije Jumapili na wazee wangu, akasema, tuyazungumze upya. Nikamshukuru kwa heshima zote. Nikamwambia asubiri kwanza nimpigie mama simu, aulizie ukoo wa mzee huyu ni watu wa namna gani.