Ua Lisilo na Kiini

Nilipokuwa mtoto kule Haneti, niliamini bibi yangu hajui kumaliza kazi. Kila binti yake alipokaribia kuolewa, alimdarizia shuka jeupe la maua, kisha akaacha ua moja la pembeni bila kiini. Uzi wake wa njano aliuweka sandukuni.

"Shuka likikamilika," alituambia, "mwenye nalo amejifungia mlango wa kwao."

Ua hilo binti angelimalizia mwenyewe siku atakayorudi, ameketi mkekani kwa mama yake.

Mama mdogo Yudithi, kitinda mimba wa bibi, aliona aibu. "Mama, ukweni si watasema uliishiwa uzi!" Harusi ilipokaribia akanunua uzi dukani, mwekundu wa kung'aa, akakijaza kile kiini. Bibi alikiona.

"Haya. Mwana wa kuambiwa hasikii," akasema, basi.

Yudithi aliolewa kijiji cha Zuzu, si mbali. Lakini hakuja kutusalimu. Krismasi ikapita, mavuno yakapita, na kila basi liliposimama bibi alichungulia njia. Kisha jirani aliyetoka huko akatuambia kwamba mume anampiga, na kila akishauriwa aende kwao hujibu kuwa mlango aliufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Nilitegemea bibi aseme, "Si nilimwambia?" Alilia. Halafu akampa mama mkasi wake mdogo.

"Mpelekee. Mwambie afumue."

Nilifuatana na mama. Yudithi, jicho limevimba, alikaa kitandani akafumua ule uzi mwekundu. Tulirudi naye siku ileile, amekumbatia shuka.

"Shikamoo, mama," alimwamkia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumalizia ua?"

"Ndiyo, mama."

Majirani walipokuja kupeleleza, bibi aliwajibu hivyohivyo, wakakosa la kuongeza. Ua lenyewe Yudithi alilishona polepole mno, na hakuna aliyemharakisha.

Sasa naishi Miyuji, na kama uzi unaweza kufunga mlango, mimi sijui. Kanisani nafundishwa mengine. Ila najua mwanamke aliyeolewa akirudi kwao huulizwa amekosa nini. Bibi aliwapa binti zake jibu kabla hawajaondoka.

Juzi binti yangu, anayeolewa mwezi ujao, alilikunjua shuka nililomdarizia, akacheka. "Mama, hapa umesahau."

Sijasahau. Nikamwonyesha uzi wake ulipo, kabatini.