Mtani wa Wodi ya Wanaume

Harufu ninayoikumbuka ni ya dawa ya kusafishia sakafu, ile inayogeuza maji yakawa meupe kama maziwa, na chini yake harufu nyingine ambayo siku za mwanzo nilijifanya siisikii. Hiyo ilitoka kitandani kwa baba. Nilikuwa darasa la sita, shule zimefungwa, nami nimekaa miguuni pake katika wodi ya wanaume ya hospitali moja kule Mikumi, malori ya barabara kuu yakipita na kutikisa vioo vya madirisha. Baba alilala chali, mguu umevutwa kwa kamba yenye uzito. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umemwangukia nyumbani, ng'ambo ya Rudewa, ukamvunja paja. Daktari alisema mfupa utaunga wenyewe, cha kuogopa ni mgongo: mtu anayelala hivyo asipoogeshwa na kuinuliwa kila siku, ngozi inaoza, na kidonda kikifika ndani kinaua. Aliposema hayo aliniangalia mimi, kwa kuwa hapakuwa na ndugu mwingine.

Mama alikuwa amejifungua, hajaweza hata kusafiri. Kaka zangu walikuwa wameipeleka mifugo malisho ya mbali, maana mwaka ule wakulima na wafugaji hawakuelewana, na baba alikuwa ameagiza ng'ombe wasisogezwe karibu na mashamba ya watu. Nikabaki mimi. Pale hospitalini manesi walitoa dawa, wakachoma sindano na kufunga vidonda, lakini chakula na kuoga vilikuwa kazi ya ndugu wa mgonjwa. Na sisi ni Wasukuma. Kwetu binti hamwogeshi baba yake. Si jambo la kusema utajikaza ulifanye, halifanyiki. Baba alilijua hilo, nami nililijua, na hatukuwahi kulizungumza hata kwa neno moja.

Nesi wa asubuhi aliitwa Mwanaidi, mwanamke mnene kidogo, wa umri wa mama yangu mdogo. Alikuwa na adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyotuponza. Kila alipoingia alipinda goti, "Shikamoo, baba," na baba akajibu, "Marahaba, mwanangu." Basi hapo mambo yaliisha, kwa sababu akishakuwa mwanangu, atamfunuaje shuka? Akiuliza kama baba ameoga, baba alisema, "Binti yangu amenisaidia." Ukweli ni kwamba nilimletea maji kwenye beseni, nikatoka kwenda barazani, naye akajipangusa uso na kifua, akakamua taulo na kulitundika kwenye chuma cha kitanda lionekane limelowa. Mimi nilirudi kuchukua beseni na kwenda kumwaga yale maji nyuma ya wodi, haraka haraka, maana yalikuwa safi mno. Wagonjwa wengine walinitazama kama binti anayemwogesha baba yake. Niliona aibu kwa jambo ambalo sikulifanya, na aibu nyingine, kubwa kuliko hiyo, kwa sababu halikufanyika.

Kisha homa ikampanda. Nzi wakaanza kutua kwenye shuka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba ahamishwe. Asubuhi hiyo Nesi Mwanaidi alifunua shuka kidogo, akalirudisha taratibu kama alivyolikuta. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanitoa nje.

"Kabula, nyie watu wa wapi?"

"Tunakaa Rudewa."

"Sikuulizi mnakokaa. Kabila gani?"

Nilipomwambia, alipiga makofi. "Wasukuma! Mimi si Mzaramo wa Kisarawe? Siku zote hizi nampigia mtani wangu shikamoo, jamani!"

Vijana wa leo wengi wanaujua utani kwa kuusikia tu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako, usikasirike. Msibani, zile kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzishika, yeye ndiye aliyezishika. Kati ya watani aibu haikuwa na mahali pa kukaa.

Nesi Mwanaidi alirudi na beseni linalotoa mvuke na glavu mikononi. Hakupinda goti. "We Msukuma!" akapaza sauti tangu mlangoni. "Ng'ombe umewaacha Rudewa, harufu yao ukaja nayo kwangu?"

Wodi nzima iligeuka kutazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyumbani wanawake walimsalimia baba yangu wakiwa wamepiga magoti, na leo anaitwa hivyo mbele ya watu. Baba alikodolea macho dari. "Nani huyo?" akauliza.

"Mzaramo. Ukinifia hapa nitakuja kwenu, nilale kaburini mwako, nisitoke mpaka nipewe ng'ombe. Lakini msiba sina nafasi nao, nina zamu. Tufanye kazi."

Nilidhani baba anakusanya hasira. Kisha pembe ya mdomo wake ikacheza. "Wazaramo mnajua ngoma tu. Kuogesha mtu mtaweza?"

"Nimeogesha Wasukuma wachafu kuliko wewe."

Wodi ikaangua kicheko. Akavuta pazia, akatoa kichwa kunitazama. "Mwanangu, nenda kachemshe uji. Ya watani hayakuhusu."

Sikwenda kuchemsha uji. Nilisimama barazani nikisikia maji, matusi, baba akilia kwa maumivu kama sijawahi kumsikia, kisha akicheka. Nilimchukia yule mama. Nilimchukia kwa sababu alikuwa akifanya kwa mzaha kitu ambacho ukoo mzima wenye heshima zake ulishindwa kukifanya. Alipotoka na beseni, maji yalikuwa meusi. Aliyamwaga bila kuficha, akaegemea ukuta, na usoni pake hapakuwa na utani hata kidogo. Alikuwa amechoka na macho yamemwiva. "Kesho uniwekee maji mapema," akaniambia. Akaja kesho yake, na siku zote zilizofuata, akimtukana baba mpaka kidonda kikafunga.

Mwaka huu baba amelazwa tena, safari hii Kilosa mjini. Ni mzee, mama alishafariki na kaka zangu wako mbali. Upande mmoja wa mwili umepooza na ulimi ni mzito. Wodi ni safi, manesi ni vijana waliosoma, na hakuna anayeuliza kabila la mtu, jambo ambalo nadhani ni jema. Binti mmoja wa zamu aliniuliza kwa upole, "Mama, mzee ataogeshwa na nani?" Nina watoto wakubwa, nina nywele nyeupe, lakini nilisimama pale kama yule wa darasa la sita. Nilianza kusema, "Kwetu sisi..." nikakwama.

Akanipita, akainama kitandani. "Shikamoo, babu."

Baba hakuitikia marahaba. Aligeuza kichwa polepole, akamtazama kwa muda. "Mzaramo," akasema, "umechelewa."

Binti alinitazama akitaka nimfafanulie. Nilinyoosha shuka tu. Akacheka, maana babu na mjukuu nao wana utani wao, na huo hauulizi kabila. "Nisamehe, mume wangu. Maji yanakuja."

Nilitoka kwenda barazani kabla sijaambiwa. Kule mgongoni mwa baba yangu lipo kovu ambalo sijawahi kuliona. Ukimwacha marehemu mama, wanaolijua ni wanawake wawili, na wote wawili si wa ukoo wetu.