Gauni la Kupunguza

Fundi cherehani wa mtaa wetu hufuta vidole kwenye aproni kabla ya kugusa simu. Mimi ndiye niliyemfungulia ukurasa wa biashara mtandaoni, na sasa hujibu kila ujumbe kwa sauti ya upole: "Karibu sana, mteja wangu."

Juzi nilikuwa namwelekeza kupanga picha, mama mmoja ambaye fundi amemshonea tangu ujana wake akaingia. Alitaka gauni la marehemu bintiye lipunguzwe, limtoshe mjukuu.

"Tuma picha, mteja, nitakujibu," fundi akasema bila kuinua macho.

Tukasikia hatua zikitoka. Fundi alipozinduka alikimbia hadi njia panda, akaita, akarudi peke yake.

"Alikuwa analia?" akaniuliza.

Sikujua. Na mimi nilikuwa naangalia simu.