Uzi wa Kijani

Anayekunja miavuli ya kurukia ya makomando hapendwi wala hachukiwi, anaombewa. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege wa kikosi, chenye meza ndefu laini zisizo na hata msumari, na hakuna aliyeingia na buti, pete wala kucha ndefu. Wanaume wale wale wanaotembea kambini kifua mbele, utadhani hewa wameilipia wao, wakifika mlangoni kwetu wanakuwa wapole kama wakwe. "Shikamoo mama," wananiambia, na wengine ni wakubwa kwangu. Nami naitikia marahaba bila aibu.

Mwenzangu wa meza ya pili tulimwita Uzi. Kila mkunjaji hufunga pini inayoshikilia mfuko wa mwavuli kwa uzi mwembamba wa rangi yake, ijulikane umepita mikononi mwa nani, na wake wa kijani makomando waliugombania. Ukimsemesha anapopanga kamba, jibu utalipata kamba ya mwisho ikishalala. Mumewe, fundi wa magari pale pale kambini, alikuwa akilalamika kwamba nyumbani hata shuka inakunjwa kwa ukaguzi.

Tulikuwa na sheria moja: mkunjaji akitiliwa shaka, anaruka na mwavuli aliokunja mwenyewe, na warukaji ndio wanaomchagulia. Wakubwa husema si adhabu. Mimi nasema ni adhabu iliyovaa sare.

Sheria hiyo ilimwangukia Uzi siku mwavuli wa Redio ulipokataa kufunguka. Redio alikuwa komando aliyesema kuanzia alfajiri mpaka taa zizimwe, na miezi ile hakuwa na habari nyingine ila mwanawe mchanga: amecheka, amepiga chafya, ameshika kidole. Siku hiyo, angani, alivuta mpini wa kuchomoa pini na mgongoni pasitokee kitu. Mwavuli wa akiba ndio uliomfikisha chini. Ule wa kwanza uliletwa mezani kwetu ukiwa bado umefungwa, uzi wa kijani umekatika lakini pini ipo pale pale. Mkuu wa kikosi akaivuta mwenyewe. Ikatoka kirahisi.

Hata hivyo wakaguzi walisema mkunjo ulibana mno, pini ikakwama angani.

"Haukubana, afande," Uzi akasema.

"Basi Ijumaa utaruka. Usiporuka, unahamia ghala la buti, na kila kilichofungwa kwa kijani kitafunguliwa," mkuu akasema.

"Ndiyo, afande."

Aliingia stoo. Nikamfuata, nikamkuta amesimama katikati ya mifuko, mikono yote miwili tumboni. Sikuhitaji kuambiwa.

"Wewe! Una mimba?"

"Punguza sauti."

"Kamwambie afande sasa hivi. Mjamzito haruki."

"Leo? Watasema nimejificha nyuma ya tumbo. Watasema nilijua mkunjo wangu mbovu."

"Mdogo wangu, mficha uchi hazai."

Alinigeukia, macho makavu. "Mara mbili nimeuonyesha, dada. Kambi nzima ilijua. Nilizaa nini?"

Nilijichukia kwa ile methali. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na pole za kambi nzima zilimfuata mpaka bombani. Daktari alikuwa amemkataza hata kubeba ndoo.

Siku zilizofuata alikunja kama kawaida, ila alianza kurudia. Anafunga, anafungua, anapitisha vidole, anafunga tena. Chakula kilimshinda. Na Redio naye alizimika. Alikuja mlangoni kwetu, akavua buti, akasimama nazo mkononi, kisha akazivaa akaondoka bila neno. Kesho yake akafanya vile vile. Mimi nikadhani ni hofu ya kifo bado inamtambaa. Laiti ningekumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ijumaa tulijipanga kando ya ndege. Aliyepaswa kuchagua alikuwa Redio. Alichukua mwavuli wa kwanza wa uzi wa kijani uliomkaribia, bila kuutazama, akampa Uzi. Uzi akauvaa. Akafunga mkanda wa kifuani. Alipofikia wa tumboni, mikono ikasimama.

"Siruki," akasema.

Komando mmoja akatema mate chini. Mkuu akamsogelea. "Unaiogopa kazi ya mikono yako?"

"Siiogopi. Nina mimba, afande. Na mkunjo haukubana."

"Tumbo nalo limejua siku ya kuja!" mmoja akasema nyuma, wenzake wakacheka. Nilishageuka kumtafuta mwenye mdomo huo niupasue, ndipo Redio akatoka kwenye mstari.

"Afande, ni mimi."

Alitoa mfukoni soksi ya njano ya kitoto, ndogo kuliko kidole gumba chake. "Ya mwanangu. Nilikuwa naruka nayo ya bahati. Siku ile nilikuwa nimekwisha kukaguliwa, nikaichomeka chini ya kifuniko cha pini. Ikabana pini. Nilipofika chini niliichomoa kabla hamjanifikia. Niliogopa kufukuzwa kikosini."

Hakuna aliyecheka tena. Uzi alimwendea, nikajua kofi linakuja. Halikuja.

"Siku zote hizi ulikuwa unaniona nikipita?"

"Nilikuona, dada."

"Silali. Nafunga mwavuli ule kichwani usiku kucha nitafute nilipokosea, sipaoni. Nilikwisha kuamini nusura nikuue."

Redio aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Afande, kabla hamjanipeleka, niacheni niruke na huu alio nao. Mbele ya wote."

Mkuu alimtazama Uzi. "Mkunjaji, unasemaje?"

Uzi aliuvua mwavuli, akapitisha vidole chini ya kifuniko, pole pole. Akampokonya Redio ile soksi, akamkung'uta mifuko yote kama mtoto wa shule. "Aruke," akasema.

Ndege ilipanda mpaka ikawa nzi. Uzi aliubana mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi. Nukta ikatoka. Ikashuka, ikashuka. Kisha kitambaa kikachanua angani, kikubwa, cheupe, kimejaa upepo. Makomando walipiga kelele. Uzi alikaa kwenye nyasi akalia kwa sauti, bila kumwonea haya mtu.

Redio alirudi amekumbatia mwavuli, askari wawili wakimsubiri kumpeleka mbele ya wakubwa. Uzi alisimama, akajifuta uso, akamrudishia soksi kiganjani na kumfumba vidole juu yake.

"Wangu sijui kama atafika kuvaa," akamwambia. "Wako yupo. Nenda kamvishe."