Uji Iko na Mifupa

Uji ya mawele ikichacha vizuri, harufu yake inaingia mpaka ndani ya blanketi. Siku hizi hiyo ndiyo inaniamsha. Kasiva, huyu mama kijana watoto wangu walitafuta aniangalie kwa sababu wao wako Mombasa na Nairobi, anakoroga huko jikoni, na mimi bado nimefunga macho ninarudi mtoto. Ninajiona kwa mlango wa Susu Ndunge, nimekunja mikono, nimenuna kama punda amenyimwa maji.

Wacha niwaambie. Mwaitu, yaani mama yangu, kazi yake ilikuwa kuangalia wazee upande wetu wa Makindu, wale watoto wao walienda na reli wakakaa huko. Asubuhi tulianza na mzee mmoja alikuwa mtu wa reli mpaka mgongo ikakataa. Huyo sikumwonea wivu. Akinyolewa ndevu alikuwa analalamika kama injini inapanda mlima: "Maji baridi. Wembe butu. Na leo, Mama Mwende, umechelewa kuliko gari ya mizigo." Mwaitu anamwambia anyamaze asikatwe, anampangusa kidevu, tunaenda.

Shida yangu ilikuwa Susu Ndunge. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na huyu hata hakuwa nyanya yetu. Alikuwa haoni, kadogo, amekauka, amekaa kwa kitanda kama nguo mtu alisahau hapo. Lakini Mwaitu akiinama kwa ule mlango, sauti inabadilika. Nyumbani alikuwa na sauti ya kufukuza mbuzi kwa kunde: "Wewe Mwende, hiyo debe italetwa na nani, na chifu?" Kwa Susu ikawa asali: "Umelala vizuri, mama? Leta mguu, pole pole, mama." Sikieni hiyo. Yeye anaitwa mama, mimi naitwa wewe. Anaoshwa vidole kimoja kimoja, anapakwa mafuta mpaka kule katikati ya vidole, na mimi niko hapo na miguu imepasuka kama shamba ya Septemba. Mwende maana yake ni yule anapendwa. Nilikuwa naona hiyo jina walikosea nyumba.

Mwisho kabisa ndiyo uji, ndani ya nzele, ile nusu ya kibuyu. Na Susu, jamani, alikuwa anatafuna uji. Meno hana. Anavuta kidogo, anafunga mdomo, mashavu yanaenda huku yanarudi huku kama mbuzi amepata ganda ya ndizi. Anameza. Anapumzika. Anauliza habari ya ng'ombe ya mtu alikufa zamani. Mwaitu anamjibu kama hiyo ng'ombe iko hapo nje. Anavuta tena kidogo.

Sasa ikaja harusi ya mamdogo wangu huko Kibwezi. Mwaitu aliniahidi atanisuka, na asubuhi ya safari akanikalisha chini katikati ya magoti yake. Kama mlisukwa na mama mnajua hiyo raha. Kichwa inavutwa mpaka machozi, lakini magoti yamekushika huku na huku, na hakuna mtu mwingine anaingia hapo. Akamaliza upande mmoja. Halafu akaangalia jua, akasema tukimbie kwanza kwa Susu anywe uji, tukirudi atamaliza ule upande mwingine kabla basi ifike.

Siku hiyo Susu alitafuna uji kama nyama ya beberu. Mwaitu alikuwa amemwambia tutalala Kibwezi, na jirani ndiye atamletea chakula. Susu akasema sawa, harusi ni kitu nzuri. Akavuta kidogo. Akatafuna. Akauliza bibi arusi anaolewa na mtoto wa nani, na huyo baba yake alizaliwa na nani. Akatafuna. Mimi kwa mlango nimeshika upande wa kichwa ambao haujasukwa, naona jua inapanda, na ndani yangu kunachemka kuliko hiyo uji.

Nikashindwa. Nikasema, "Susu, uji haitafunwi."

Mwaitu akaniangalia na yale macho. Susu akageuza uso polepole, akautafuta mlango na ule upofu wake, akasema tu, "Hii iko na mifupa, mwana."

Akavuta tena kidogo.

Honi ya basi ikatukuta hapo hapo. Tulikimbia. Mwaitu akatoa kitambaa yake ya kanisa kichwani akanifunga mimi, yeye akaenda kichwa wazi, mama wa kanisa, kwa harusi ya dada yake. Hiyo sikuiona wakati huo. Nilikuwa naona tu binamu zangu wamesukwa pande zote mbili.

Ndani ya basi nilitaka kumuudhi. Nikaingiza mashavu ndani, nikatafuna hewa, nikasema na sauti ya Susu, "Hii iko na mifupa, mwana." Mwaitu akacheka mpaka akashika kiti ya mbele. Halafu akaanza kufuta macho, na akaendelea kufuta hata kicheko ikiwa imeisha. Mimi nilijua tu nimeshinda. Hiyo kicheko ilikuwa yangu, Susu hakuionja. Tangu hapo naiga watu mpaka leo. Lakini tuliporudi niliingiza kidole kwa nzele yake, nikakoroga, nikatafuta hiyo mifupa. Hakuna.

Niliipata juzi. Kasiva ananipaka mafuta, ananiita mama, ananipa kikombe. Kikombe ikiisha ataosha, ataifunika juu ya meza, atachukua kikapu, na mimi nitabaki na kuku mpaka kesho. Siku ambazo hakuna shule anakuja na msichana wake. Huyo haingii. Anasimama kwa mlango, amekunja mikono. Juzi akasema, na hizi sauti zao za haraka kama mtu anafukuzwa, "Susu, si hiyo ni uji tu? Unatafuna nini?"

"Iko na mifupa," nikamwambia.

Kasiva akacheka. Mtoto hakucheka, aliendelea kuninunia, na alinuna vizuri sana. Nikavuta tena kidogo.