Darubini ya Kalenda na Uji

Enzi zetu huko Manga, darubini haikuwa ya kununua. Ulikuwa unaunda yako. Sisi tulichukua kioo kimoja cha miwani ya babu, ile fremu ilishavunjika, na kale kakioo fundi wa saa anabana kwa jicho. Fundi mmoja wa soko ya Ekerenyo alitupatia kake kazee. Hivyo viwili tukaviweka kwa bomba ya kalenda ya mwaka uliopita, gundi ni uji wa wimbi. Mende walikuwa wanakula hiyo darubini, tunaipaka upya.

Ndani kila kitu ilikuwa imepinduka: ng'ombe miguu juu, akina mama wanachuna majani chai wakining'inia kama popo. Mimi nilikuwa najisifu eti hiyo picha naigeuza kwa akili.

Sasa siku moja lori ya majani ilichelewa. Mama na jirani yetu Mama Nyaboke walikuwa na vikapu vimejaa, na majani yakilala yanakuwa nyeusi, karani wa kituo cha majani anakataa. Wakanituma kilimani niangalie. Nikaona lori inaelekea upande wa fakitori. Nikapiga kelele, "Imerudi fakitori! Hakuna lori leo!" Wakabeba vikapu wakaanza kurudi nyumbani, wakitukana dereva na ukoo wake.

Kumbe darubini inapindua hata kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nageuza juu na chini peke yake. Hiyo ingine labda walifundisha darasa la nane, na mimi niliachia la saba. Mara tukasikia honi kituoni. Mama akanitupia kikapu mgongoni. "Kimbia, moisia, kijana wewe! Na hayo macho yako ya kalenda yatangulie!"

Tukafika karani akishusha mizani.

"Mlikuwa wapi?"

Mama akanionyesha kwa mdomo. "Tulikuwa tunafuata profesa."

Karani alicheka mpaka akatundika mizani tena.

Siku hizi lori inatangazwa kwa simu. Watu wananiuliza kama ule ufundi umekufa. Nasikia mtandaoni kuna watu bado wanasugua vioo vya darubini, tena wanaongezeka. Lakini hapa kwetu ukimwambia mtoto darubini, anauliza inachajiwa wapi. Mwezi anaupiga picha, anafuta, anarudi kwa mpira. Picha yake ni safi, sikatai. Mwezi wetu ulikuwa na matone ya uji. Lakini darubini ilikuwa moja na sisi wengi, tumepanga foleni kwa ukuta wa zizi, yule wa nyuma anakuvuta shati, "Toka bwana, utaumaliza!" Siku hizi mwezi hauna foleni.