Imevuja, au Nani Amevujisha?

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunionyesha kiti wala kunipa chai. Alinisimamisha mbele ya sahani ya kioo yenye vipande vya majani ya muhogo, vingine buluu, vingine vyeupe, akaniuliza ni vipi vinavyosema uongo. Nikasema sijui.

"Vyote," akanijibu, "mpaka uvithibitishe."

Nikajua nimepata mtu wangu. Mama yangu, aliyenilea pale Uthiru, hakuwahi kununua maziwa bila kuyaonja kwanza akitafuta maji. Nililelewa kwa kushuku, na maabara ikanilipa kwa hilo hadi nilipostaafu.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mnapenda sana kuzungumzia jeni. Jeni peke yake haifanyi lolote. Mbele yake kuna kipande kidogo kinachoitwa promota, na siwazungumzii wale wa ndondi. Hicho ndicho kinachoamua jeni ifanye kazi lini, sehemu gani ya mmea, na kwa kiasi gani. Kuna promota zisizolala: zinaifanyisha kazi jeni mchana na usiku, kwenye jani, shina na mzizi, mpaka mmea unadhoofika kwa kutengeneza kitu ambacho pengine hauhitaji. Kuna nyingine hungoja kuitwa. Hizo ndizo nilizozifanyia kazi, na sisi tuliziita swichi.

Nilianzia chumba cha tishu, tukikuza vichipukizi ndani ya chupa chini ya Madam Msimamizi, mama aliyenusa mikono yetu kila asubuhi akitafuta manukato. Wengi walimchukia. Mimi nilimwelewa. Kisha nikahamishiwa maabara ya jeni, na mwishowe nikapewa grinihausi niisimamie, ile iliyo nyuma ya ua, mbali kidogo na kelele za Waiyaki Way. Huko nilimkuta Onyancha, mtunza mimea kutoka Kisii, mwanamume mpole aliyeimba nyimbo za kanisa akimwagilia maji.

Swichi yetu iliamshwa na ethanoli, ile spiriti ya maabara. Ukimwagia mmea kidogo, jeni inaamka; usipomwagia, inalala. Ili tujue imeamka, tulikuwa tumeifungia alama: kipande cha jani kikitiwa dawa kisha kikaondolewa ukijani, hutoka buluu kama jeni imeamka, cheupe kama imelala. Kwa hiyo spiriti haikuingia grinihausi ila siku ya majaribio, na iliingia mkononi mwangu mwenyewe.

Basi asubuhi moja vipande vya mimea ya kulinganishia, ile isiyopewa chochote, vikatoka buluu. Katika kazi yetu hapo tunasema swichi imevuja, maana yake jeni imeamka bila kuitwa. Ni jambo la kawaida, hata promota nzuri huvuja. Nikampigia simu Mkurugenzi, ambaye ofisi yake ilikuwa Upper Hill, juu huko kwenye viyoyozi, mtu wa utawala ambaye mihogo aliijua ikiwa imekaangwa. Nikamwambia, "Mkubwa, imevuja."

Akauliza, "Nani amevujisha? Nipee jina."

Nikaeleza kwamba swichi huamshwa na spiriti lakini pia huvuja yenyewe, kwamba bado sijajua sababu. Hakusikia. Aliposikia neno spiriti, alikuwa ameshapata jina. Kesho yake walinzi wa lango walimrudisha Onyancha nyumbani, na kufikia saa ya chai ofisi nzima ilijua kwamba alikuwa akificha chang'aa kati ya mihogo. Watu wa huko kwao, wakasema, unawajua wewe.

Jioni akanipigia simu kutoka Kawangware. Mathe, yaani mama, ndivyo alivyozoea kuniita.

"Mathe, mimi ni Msabato. Hata divai ya kanisa letu ni juisi. Hiyo pombe ningetoa wapi? Na nikifutwa kwa ulevi, nani ataniandika tena?"

Sauti yake ilinikata maini. Lakini sikumwamini kwa sababu ya sauti. Wezi pia hulia. Nilijiambia nitamshuku yeye, nitajishuku mimi mwenyewe, nitaishuku swichi, na nitamshuku zaidi yule aliyepata jibu upesi.

Nikachukua vipande vya majani kutoka kila safu. Safu za nyuma zilikuwa nyeupe kabisa. Buluu ilikuwa mlangoni, na kadiri nilivyosogea ndani ilififia. Nikasimama pale nikifikiri. Mlevi hujificha nyuma, hanywi mlangoni.

Na mlangoni kulikuwa na nini? Dumu la sanitaiza. Tangu wakati wa korona, amri ilitoka Upper Hill kwamba hakuna kuingia bila kupaka mikono, na dumu likawekwa hapo ndani, likabaki hata barakoa ziliposahaulika. Pua zetu zilishalizoea. Sanitaiza ni nini kama si spiriti iliyovalishwa suti? Tena Mkurugenzi alipoleta wageni, siku chache tu kabla ya buluu kutokea, alikuwa wa kwanza kubonyeza, mara mbili, mara tatu, kisha kwa mikono inayochuruzika akawashikia majani ya karibu, "Oneni wenyewe, ni mihogo tu." Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikukimbilia simu. Nilifunika mimea miwili michanga kwa mifuko ya plastiki, mmoja na kikombe cha maji kando yake, mwingine na kikombe cha sanitaiza, bila tone kugusa jani. Vipande vya majani ya ule wa maji vikabaki vyeupe. Vya ule wa sanitaiza vikageuka buluu, kwa mvuke tu. Nikarudia, maana matokeo ya kwanza nayo sikuyaamini. Ndipo nikamwita Mkurugenzi aje mwenyewe. Akaja, akabonyeza dumu kama kawaida yake, akaingia.

"Mkubwa," nikamwambia, "uliniuliza nani amevujisha."

Nikamwonyesha vipande, kisha mikono yake. Akaitazama, ikiwa bado na unyevu. Akaifuta kwenye koti, akasema ana mkutano.

Onyancha alirudishwa. Hakuna aliyemwomba msamaha. Katika kikao cha wafanyakazi wote Mkurugenzi alitangaza kwamba dumu litahamishwa, na kwamba tusiendelee kunyoosheana vidole. "Ni teknolojia," akasema. "Ilivuja tu."

Nilihisi hasira ambayo haijaniisha hadi leo. Alipokuwa Onyancha, ilivujishwa. Alipokuwa yeye, ilivuja tu.

Sasa nimestaafu, nakaa Woodley katika nyumba ya zamani. Vijana hunijia na swichi mpya, za mwanga, za joto, za ukame, wakiniapia kwamba hizi hazivuji. Nawauliza kama wamezichunguza karibu na mlango, na mkubwa wao hupitia wapi.

Mvua za juzi paa langu lilianza kudondosha maji sebuleni. Nikampigia Onyancha, ambaye siku hizi ana vibarua wake wa ujenzi, nikamwambia, "Paa limevuja."

"Mathe," akasema, "nani amevujisha?"

Tukacheka sana. Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza.